Tabung Haji ya Malaysia: tathmini ya mfuko uliowafundisha Wamalay kuweka akiba

Waislamu wa pwani yetu wanapozungumzia gharama za hija, jina la Malaysia halikosi kutajwa. Mmoja atasema kwamba huko serikali humpeleka raia wake Makka kwa nusu ya bei, mwingine atasema kwamba ni benki ya Kiislamu, na wa tatu ataapa kwamba ni fedha za mafuta zinazogawiwa kwa jina la dini. Wote watatu wamekosea kidogo. Tabung Haji ni taasisi ya umma yenye kazi mbili: hupokea akiba za Waislamu na kuziwekeza katika biashara zisizo na riba, na husimamia safari ya hija ya raia wa nchi hiyo tangu kujiandikisha hadi kurejea nyumbani. Nilisoma katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Kimataifa kilichopo Gombak, pembezoni mwa Kuala Lumpur, nikapanga chumba katika nyumba ya familia ya Kimalay ambamo kila mtu, kuanzia bibi hadi kitinda mimba, alikuwa na akaunti ya mfuko huu. Mimi sikuwa nayo. Kwa hiyo naitathmini huduma kama mtu aliyeitazama kwa karibu, akawasindikiza wenye akaunti hadi dirishani na akafuatilia yaliyoandikwa kuihusu hadharani.

Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji mwenye haraka asipoteze muda wake. Kama huduma ya safari, sijui nchi nyingine inayomhudumia hujaji wa kawaida vizuri kuliko hivi. Kama chombo cha kukuza akiba, ni cha wastani, na kwa kipindi fulani kiliendeshwa vibaya. Na kama kioo cha mabadiliko ya jamii ya Wamalay kwa miaka 60 iliyopita, ni chombo cha ajabu, kwa sababu mfuko huu haukuyashuhudia mabadiliko hayo tu bali uliyasukuma.

Kabla ya miaka ya 1960, Mmalay wa kijijini, awe mkulima wa mpunga wa Kedah au mvuvi wa Terengganu, alikuwa na akiba ambayo haikuonekana katika hesabu za benki yoyote. Hakupeleka fedha benki kwa kuogopa riba. Alizificha chini ya mto wa kulalia au ndani ya kipande cha mwanzi, au alizigeuza kuwa nyati na mashamba, na wakati wa hija ulipofika aliviuza vyote kwa haraka, mara nyingi kwa bei ya hasara. Wengi walipanda meli katika bandari ya Penang, ambako mtaa wa Lebuh Acheh ulijaa mahujaji na mawakala wao hata watu wakauita Jeddah ya pili. Aliyejaaliwa kurudi salama alirudi na heshima ya kuitwa Pak Haji lakini bila shamba la kulima, na deni la heshima hiyo lilibaki kwa watoto wake.

Aliyeliona jambo hili kuwa tatizo la uchumi, wala si upungufu wa imani au wa akili, ni Ungku Abdul Aziz, mchumi wa Chuo Kikuu cha Malaya, ambaye aliandika pendekezo lake mwaka 1959. Huyu alikuwa msomi aliyeujua umaskini wa kijijini kwa kuutazama ndani ya nyumba. Ndiye aliyebuni kipimo cha saruni: unahesabu saruni zote zilizomo katika nyumba, unazigawa kwa idadi ya wakazi, na jibu linakuonyesha hali ya familia bila kumuuliza mtu mapato yake, kwa sababu kijijini saruni huvaliwa na mwanamume kwa mwanamke, hujifunikwa usiku na hutumika kumbembeleza mtoto, na mwenye uwezo haachi kununua nyingine. (Pemba kipimo hicho kingefanya kazi barabara kwa kanga.) Hoja yake kuhusu hija nayo ilitoka katika macho yaleyale. Ikiwa mkulima anaweza kujinyima kwa miaka 20 ili afike Makka, basi fedha zake nazo zifanye kazi miaka hiyo 20 badala ya kulala ndani ya mwanzi.

Ilibidi wanazuoni waridhike kwanza. Sheikh Mahmud Shaltut, aliyekuwa mkuu wa Al-Azhar, aliulizwa kuhusu mpango huo na akaukubali, na shirika la akiba likazinduliwa mwaka 1963 likiwa na wateja 1,281 na amana zisizofika dola 50,000 za Malaya. Mwaka 1969 liliunganishwa na ofisi ya serikali iliyokuwa ikishughulikia mahujaji huko Penang tangu 1951, na hapo ndipo akiba na safari zilipowekwa chini ya usimamizi mmoja. Leo wenye akaunti wamezidi milioni 9, katika nchi yenye watu wapatao milioni 34 ambao si wote ni Waislamu.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Akaunti hufunguliwa kwa kitambulisho na kiasi kidogo cha fedha, ama tawini, ama kwa simu kupitia programu ya THiJARI. Mzazi anaweza kumfungulia mtoto mchanga, na wengi hufanya hivyo. Zawadi za Idi, ambazo watoto wa Kimalay hupewa ndani ya bahasha ndogo za rangi, mara nyingi huishia humo kabla mtoto hajapata nafasi ya kuzitumia. Akiba ikifika ringgit (fedha ya Malaysia) 1,300, mwenye akaunti anaweza kujiandikisha kwa hija na kupewa zamu yake. Kila mwaka mfuko hutangaza gawio, ambalo wao huliita hibah, na kabla ya kuligawa hulipa zaka kwa niaba ya wateja wote. Jambo hilo la zaka linastahili sifa ya peke yake, maana mwenye akiba ndogo huwa hana wa kumpigia hesabu ya mwaka na nisabu. Aidha, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1995 inayoiongoza taasisi hii, amana zina dhamana ya serikali. Mteja anaweza kutoa fedha zake anapotaka.

Kwenye dirisha la tawi ndipo utakapoiona jamii yenyewe. Nilikuwa nikimsindikiza mwenye nyumba wangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mak Cik, anapokwenda kuweka fedha. Kazi yake ni kuuza kuih kando ya barabara kila alfajiri, vile vyakula vitamu vya unga wa mchele, tui la nazi na sukari ya mnazi, na noti zake za ringgit 1 na 5 zilizofungwa kwa mpira zilikuwa zikinukia majani ya pandan, ndugu wa mkadi wetu. Hakuona haya kuzihesabu mbele ya karani, wala karani hakuonyesha kwamba ana haraka. Binti yule alimsalimu kama anavyosalimiwa mama mtu mzima, akakipitisha kitabu cha akaunti katika mashine, na Mak Cik akausoma mstari mpya kwa kidole, kuanzia tarehe hadi salio, kabla ya kuinuka. Nimeingia katika benki nyingi za miji yetu, na muuza vitumbua anayehudumiwa hivyo sijamwona mara nyingi. Heshima hii ndogo ya dirishani naihesabu kuwa sehemu ya huduma, tena sehemu kubwa, kwa sababu taasisi iliyoanzishwa kwa ajili ya watu waliozikimbia benki isingefika popote kwa makarani wenye majivuno.

Binti wa Mak Cik ni mhasibu katika kampuni moja mjini, na sikumbuki kumwona akishika kitabu cha akaunti. Yeye hukatwa mshahara kila mwezi, na salio lake huliangalia kwenye simu akiwa ndani ya treni. Jioni moja, baada ya chakula, aliingiza namba yake ya kitambulisho mahali pa kuangalia zamu ya hija, na mwaka uliotokea ulikuwa wa karne ijayo. Alinionyesha, akacheka, akaendelea kumenya rambutan.

Zamu hiyo haitokani na uzembe wa makarani. Saudi Arabia hugawa nafasi za hija kwa kanuni iliyokubaliwa na nchi za Kiislamu mwishoni mwa miaka ya 1980, ya hujaji mmoja kwa kila Waislamu 1,000, na katika miaka ya karibuni fungu la Malaysia limekuwa kama watu 31,600. Ukiwapa mamilioni ya watu njia rahisi ya kuweka akiba na kujiandikisha, huku mlango wa Makka ukibaki na upana uleule, foleni itarefuka, nayo imerefuka hadi kuzidi miaka 100 kwa anayejiandikisha leo. Waliojiandikisha zamani wana zamu za karibu, wale ambao hawajawahi kuhiji hutangulizwa, na mlango wa kuomba kuangaliwa kwa namna ya pekee upo. Hata hivyo, kijana wa Kimalay anayefungua akaunti leo anajua kwamba kwa hesabu kavu hataitwa.

Anayeitwa, huhudumiwa vizuri mno. Mafunzo ya hija hutolewa misikitini kwa majuma mengi kabla ya safari. Nyuani huwekwa mfano wa Kaaba uliofunikwa kitambaa cheusi, na wazee hufundishwa kutufu wakiuzunguka, wakikosea na kuanza tena bila aibu. Afya ya kila mmoja hupimwa, na asiyeweza huambiwa ukweli mapema. Mfuko hupeleka Hijazi madaktari, wauguzi na waelekezaji wake, hukodi nyumba na kupanga chakula ambacho mzee wa Kelantan atakitambua. Malaysia ilikuwa pia miongoni mwa nchi za mwanzo kuingizwa katika mpango ambao maofisa wa uhamiaji wa Saudia humkamilishia hujaji taratibu zote katika uwanja wa ndege wa kwao, hivyo akishuka huko hupita moja kwa moja. Anayezijua safari zetu, ambamo hujaji wa Mombasa au Dar es Salaam hujiunga na kikundi kwa kumwamini kiongozi wake na kuomba Mungu hoteli iwe ileile aliyoahidiwa, ataelewa kwa nini nimeanza na sifa.

Bei inahitaji maelezo. Mwaka 2019 gharama halisi ya hujaji mmoja ilikuwa ringgit 22,900, naye alilipa ringgit 9,980 tu. Kilichobaki kilifidiwa na Tabung Haji. Msomaji wa mbali hudhani kwamba hapo ndipo serikali ilipofungua hazina, lakini sehemu kubwa ya fidia hiyo ilitoka katika faida ya mfuko wenyewe, yaani faida ya akiba za watu wote, wakiwemo wale ambao zamu yao haitafika wakiwa hai. Kwa maneno mengine, muuza kuih alimchangia nauli mwenye duka. Kasoro hiyo ilirekebishwa kuanzia 2022, malipo yalipoanza kutofautiana kwa kipato: familia za kipato cha chini hulipa kidogo, za kati hulipa zaidi, na asilimia 20 ya juu imeipoteza nafuu hiyo hatua kwa hatua. Mimi naona marekebisho hayo ndiyo uamuzi wa haki zaidi uliofanywa na taasisi hii katika kizazi kimoja, ingawa wenye uwezo waliozoea bei ya zamani hawakuufurahia.

Upande wa akiba sina sifa nyingi. Mfuko uliokuwa ukilipa gawio nono ulifika mahali pa kulipa kisichokuwepo. Ripoti ya wakaguzi iliyowekwa hadharani Desemba 2018 ilionyesha kwamba mwishoni mwa 2017 madeni yake yalizidi mali kwa ringgit bilioni 4.1, na ilhali sheria yake inakataza kugawa faida katika hali hiyo, gawio la asilimia 4.5 pamoja na nyongeza lilikuwa limelipwa. Kabla ya hapo, mwaka 2015, wananchi walipiga kelele mfuko ulipojulikana kuwa umenunua kwa ringgit milioni 188.5 kipande cha ardhi cha 1MDB, shirika lililokuja kuwa jina la kashfa dunia nzima. Serikali mpya iliunda kampuni ya Urusharta Jamaah, ikaihamishia, kwa bei ya ringgit bilioni 19.9, mali zilizokuwa zimeshuka thamani ili hesabu zisimame tena, na usimamizi wa benki kuu ukaingizwa. Gawio la 2018 likashuka hadi asilimia 1.25. Tangu hapo limepanda polepole: asilimia 3.10 kwa miaka kadhaa, kisha 3.25 kwa 2023 na 2024. Mfuko wa ASB, ambao ni wa Wamalay na wenyeji wengine wa nchi hiyo, ulilipa jumla ya sen 5.75 kwa kila ringgit moja, yaani asilimia 5.75, mwaka huo wa 2024, kwa hiyo kijana anayetafuta faida tu anajua pa kwenda, ingawa wapo wanaosita kwa sababu baadhi ya uwekezaji wa ASB haujachujwa kwa vigezo vya sharia.

Yaliyotokea nchini ndiyo yaliyoifanya Tabung Haji isibaki sanduku la akiba tu. Baada ya machafuko ya kikabila ya Mei 13, 1969, serikali ilitangaza mwaka 1971 Sera Mpya ya Uchumi, iliyokusudia kuondoa umaskini na kuwatoa Wamalay katika hali ambayo wao na wenyeji wengine walimiliki asilimia 2.4 tu ya hisa za makampuni, hadi asilimia 30 ifikapo 1990. Akiba za wakulima, zilizokusanywa kwa jina la hija, zikawa mtaji uliokuwa tayari. Zilinunua mashamba ya michikichi na majengo ya ofisi, zikaingia katika kuanzishwa kwa Bank Islam mwaka 1983, na zikasimamisha katika barabara ya Tun Razak mnara wenye kiuno chembamba uliochorwa na Hijjas Kasturi. Babu aliyeogopa benki alikuja kuwa, bila kutoka kijijini, mmiliki wa chembe ya benki. Hapohapo, wanasiasa waliona kwamba anayekalia kiti cha mwenyekiti ameshika mamilioni ya wapiga kura na akiba zao, na huo ndio mlango uliopitisha matatizo ya baadaye.

Hija yenyewe nayo ilibadilika. Zamani ilikuwa safari ya jioni ya maisha: mtu aliaga kwa karamu ya dua, aliomba radhi majirani, aliandika wosia, na akirudi kofia yake nyeupe ilitosha kumpa nafasi ya mbele katika kila shughuli ya kijiji. Karamu ya dua bado ipo, na radhi bado zinaombwa. Lakini Mmalay wa sasa, aliyesoma kwa mkopo wa serikali, anayefanya kazi mjini na kuishi katika ghorofa la Shah Alam au Bangi, hana subira ya karne. Amekimbilia umra, ambayo haina foleni na ambayo huuzwa na kampuni binafsi kwa vifurushi vyenye picha za hoteli, mara nyingine kwa malipo ya kidogokidogo. Wapo waliokwenda mara kadhaa kabla ya kufika miaka 40. Kampuni za udanganyifu nazo zimejitokeza, na kila mwaka magazeti huandika habari za familia zilizoachwa uwanjani. Hapo ndipo palipotokea kinyume ambacho waasisi hawakukitarajia: taasisi iliyowaondoa watu mikononi mwa mawakala wa meli wa Lebuh Acheh imefanikiwa mno katika kuwafundisha kuweka akiba kwa ajili ya Makka, kiasi kwamba hamu isiyotoshelezwa na fungu la nafasi 31,600 imewarudisha kwa mawakala wengine.

Nilimuuliza Mak Cik kwa nini anaendelea kuweka fedha mahali panapolipa asilimia 3 na kitu. Alinijibu kwamba fedha za hija hazikopwi na ndugu. Nadhani hakuna mchumi atakayeipata sababu hiyo katika jedwali la magawio, nayo inaeleza wateja wengi kuliko programu ya simu. Akaunti ya Tabung Haji ni fedha yenye nia, na katika jamii ambamo mwenye kitu huombwa kila siku, nia hiyo ni ngao ambayo akaunti ya kawaida haina. Wanawake wanaoficha bangili za dhahabu Lamu na Unguja wanaijua hesabu hii.

Hapa kwetu wapo wanaotamani kuuleta mfumo huu mzimamzima. Ushauri wangu ni kuuchambua kwanza. Amana ndogondogo zinazopokelewa kwa heshima, zaka inayolipwa kabla ya gawio na mafunzo ya bure misikitini ni mambo yasiyohitaji utajiri wa Malaysia. Nauli ya nafuu inayotokana na faida ya wote ningeiacha hukohuko mpaka mfuko uwe na miaka mingi ya hesabu safi, na hata hapo ningeanza na utaratibu wa kipato wa 2022 badala ya bei moja ya 2019. Na kabla ya kuchora jengo au kutafuta jina, ningeandika kwanza kile kifungu kinachokataza kugawa faida pale madeni yanapozidi mali, kisha ningetafuta mtu mwenye mamlaka ya kukitekeleza ambaye hagombei ubunge.